Kumpima Mtafiti wa Kiswahili: Hesabu na Usomaji

Mwaka 1955 Eugene Garfield wa Marekani alipendekeza faharasa ya kuonyesha makala ipi ya kisayansi imerejelewa na ipi. Katika wazo hilo kilizaliwa baadaye kipimo cha athari ya jarida: marejeleo ya mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, yakigawanywa kwa idadi ya makala hizo. Kipimo hicho hulinganisha majarida. Kukigeuza kuwa mizani ya kumpimia mtu ni jambo jingine kabisa, na ndiko mambo yalikoharibikia.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981. Kazi ya namna hiyo ni ya kundi: wapo wa kukusanya maneno, wa kupanga vidahizo, wa kuhakiki fasili. Mwalimu na mwandishi wa habari huifungua bila kuitaja popote. Katika hesabu iliyoelezwa kamusi haimo kabisa, maana si makala ya jarida; na hata ingekuwamo, miaka miwili haitoshi kamusi kuzoeleka mikononi mwa watu.

Athari huifikia lugha yenyewe. Mhadhiri kijana anayechunguza njeo za Kimakunduchi, lahaja ya kusini mwa Unguja, akiandika kwa Kiswahili husomwa na wenye lahaja. Akiandika kwa Kiingereza huhesabiwa. Mwenye kungojea cheo atachagua lipi?

Azimio la San Francisco, lililotokana na mkutano wa mwaka 2012, lilikataa kipimo cha jarida kiwe badala ya ubora wa makala. Tamko la Leiden la mwaka 2015 lilitoa kanuni kumi, mojawapo ikiwa kulinda utafiti bora wenye manufaa mahali unapofanyikia. Hata hivyo takwimu zisitupwe zote. Upendeleo na kujuana havikuletwa na kompyuta, na pengine tarakimu humwokoa asiye na mjomba katika kamati.

Linalodaiwa ni kamati kusoma. Mwombaji ateue kazi tatu, aeleze mchango wake katika zile za pamoja, nazo zipelekwe kwa msomaji anayekijua Kiswahili barabara. Tathmini ya makala ya Kiswahili iliyofanywa kwa kutazama ikisiri yake ya Kiingereza irudishwe.