Tunahesabu Meno Yaliyong'olewa

Wasikilizaji, Machi 20 imepita tena. Siku ya Afya ya Kinywa Duniani imeadhimishwa, na habari zake mmezisikia wiki nzima: viwanja vilivyojaa watu, wanafunzi waliovaa fulana mpya, dawa za meno zikigawiwa, wataalamu wakihimiza mswaki asubuhi na usiku. Hayo hatuna haja ya kuyarudia. Linalotusumbua sisi wa kituo hiki ni hesabu inayosomwa mwishoni mwa shughuli kama hizi mwaka hadi mwaka: wangapi wameonwa, wangapi wamezibwa, wangapi wameng'olewa. Tunahesabu meno yaliyong'olewa. Ni nadra kumsikia anayetuambia ni wangapi walikutwa fizi zao zinatoka damu na mfupa ulio chini ya fizi hizo umeshaanza kupungua, au ni wangapi kati yao walikwanguliwa ukoga kabla ya kurudi nyumbani. Na hapo, kwa maoni yetu, ndipo penye tatizo zito kuliko yote yaliyozungumzwa wiki hii.

Mfupa tunaousemea ni ule ukingo wa taya, la juu na la chini, wenye mashimo ambamo mizizi ya meno hukaa. Jino halikugongomelewa humo kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi na mfupa upo mwanya mwembamba, kiasi cha robo ya milimita hivi, uliojaa nyuzi imara zilizoshika mzizi upande huu na mfupa upande ule, na jino limening'inia kwenye nyuzi hizo. Unapotafuna, nyuzi huvutika, mfupa hupokea nguvu, nao hujirekebisha kulingana na kazi unayopewa. Ni mfupa hai, wenye damu yake, unaobomolewa na kujengwa pasipo kukoma, na uhai wake umefungamana na jino lenyewe: jino likitoka, mfupa hupungua. Katika kinywa chenye afya ukingo huu huishia milimita moja hadi mbili tu chini ya pale sehemu nyeupe ya jino inapokutana na mzizi. Zaidi ya hapo, mfupa umeshaanza kushuka, hata kama mwenye kinywa anatafuna mahindi ya kuchoma bila shida yoyote.

Chanzo cha kushuka huko ni ukoga, ule utando wa vijidudu unaoganda kwenye shina la jino. Usipoondolewa, madini ya mate huugandisha ukawa mgumu kama jiwe, na hapo mswaki hauutoi tena. Mwaka 1965 mtafiti Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 huko Aarhus, Denmark, waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya wiki tatu wote walikuwa na fizi nyekundu, zilizovimba. Waliporudia kupiga mswaki, fizi zilipona kwa muda wa kama wiki moja. Hiyo ni habari njema, na tunaomba isisahaulike: ugonjwa ukiwa bado kwenye fizi, unarudishwa nyuma kwa mswaki na usafi. Lakini uvimbe ukiachwa ukashuka hadi chini, mambo hubadilika. Vijidudu havitafuni mfupa. Ni mwili wenyewe, katika kupambana navyo, unaoziamuru seli za kubomoa mfupa zifanye kazi kuliko zile za kujenga, na mfupa ukarudi nyuma kidogo kidogo, ukiuhama uvimbe. Hakuna maumivu. Jino lililooza humnyima mtu usingizi, akaamka alfajiri kwenda hospitali. Mfupa huondoka kimya, miaka kumi, miaka ishirini, na siku jino linapoanza kucheza nusu ya kilichokuwa kikilishika huwa kimekwenda. Mfupa huo ukishakwenda haurudi wenyewe. Upo upasuaji wa kurudisha sehemu yake katika baadhi ya mashimo, ni kweli, lakini ni ghali, na hauwezi kuujaza upya mdomo mzima ulioachwa wazi.

Je, ugonjwa huu unagunduliwaje? Kwa kifaa kidogo kuliko mnavyodhani. Shirika la Afya Duniani lina kijiti chake cha chuma cha kupimia fizi, chembamba, chenye kitufe cha nusu milimita kwenye ncha na pete nyeusi inayoanzia milimita 3.5 hadi 5.5. Mtaalamu hukipitisha taratibu kati ya fizi na jino. Kwenye fizi yenye afya kinazama milimita moja hadi tatu na kugota, na pete nyeusi inabaki nje, inaonekana yote. Kwenye fizi inayoumwa kinaendelea kushuka, pete inaanza kumezwa na fizi, na kinapotolewa tone la damu linafuata nyuma yake. Kazi hiyo haihitaji umeme wala maabara, na haichukui hata dakika kumi. Pamoja na hayo, ni wangapi kati yenu mnaotusikiliza sasa mmewahi kupimwa hivyo? Mmeng'olewa, ndiyo. Mmepimwa?

Wapo watakaotujibu kwamba kulegea kwa meno ni uzee, na uzee hauna dawa. Ushahidi unakataa. Kuanzia mwaka 1970, kwa miaka 15, Löe huyo huyo na wenzake waliwafuatilia wanaume 480 waliofanya kazi kwenye mashamba ya chai nchini Sri Lanka. Watu hao hawakutumia mswaki, hawakuwa na huduma ya meno, na karibu wote hawakuwa na meno yaliyooza, kwa hiyo jino lililopotea lilipotea kwa ugonjwa wa fizi. Wote walikuwa na ukoga, wote fizi zao ziliwaka. Lakini asilimia 8 mifupa yao iliteketea kwa kasi, na wa kundi hilo walipofika umri wa miaka 45 walikuwa wamemaliza meno; asilimia 81 waliendelea kwa mwendo wa kadiri; na asilimia 11 mfupa wao haukupungua, ingawa nao walikuwa wanaongezeka umri vilevile. Kama uzee ndio unaokula mfupa, hao asilimia 11 ungewaachaje? Umri unatoa muda tu kwa ugonjwa kufanya kazi yake.

Pingamizi zito zaidi linatoka jirani, na hatutalikwepa. Mwaka 1988 Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 1,131 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 katika wilaya ya Machakos, Kenya. Ukoga ulikuwa umetapakaa vinywani. Hata hivyo mifuko ya fizi, yaani mianya kati ya fizi na jino, yenye kina cha milimita nne na zaidi ilikutwa kwenye sehemu chini ya asilimia 20 ya zile zilizopimwa, na uharibifu mkubwa ulirundikana kwa watu wachache. Zaidi ya hayo, watafiti hao waliona kwamba meno mengi ya watu wa Machakos yalipotea kwa kuoza. Basi, atauliza mtu, kelele za nini, ikiwa wengi wanaotoka damu kwenye fizi hawafiki kupoteza meno? Tunajibu hivi: wachache hao ndio sababu ya kupima. Kwa kuwaangalia usoni huwezi kuwajua, kwa kuwauliza huwezi kuwajua, maana hawaumwi. Ukiwa na kijiti cha kupimia unawajua, ukawasafisha na kuwafuatilia kwa karibu, na wengine ukawaachia mswaki wao. Usipopima, wale wachache unaonana nao mara moja tu, siku ya kuja kung'olewa. Na uchache huo usitudanganye: kwa makadirio ya ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, watu zaidi ya bilioni moja duniani wana ugonjwa mkali wa fizi.

Tutaambiwa pia kwamba madaktari wa meno ni wachache na mgonjwa analia, kwa hiyo ng'oa, apumzike. Uchache tunaukubali, ripoti hiyo hiyo inaweka kanda ya Afrika kwenye madaktari wa meno kama watatu hivi kwa kila watu 100,000. Na jino lisilookoka ling'olewe, hatubishi. Ila kukwangua ukoga hakumngoji bingwa. Tabibu wa meno aliyefunzwa anaweza kukwangua, na muuguzi wa kliniki anaweza kuangalia fizi na kumpeleka mgonjwa mahali panapostahili. Kinachokosekana ni kuagizwa, vifaa, na mtu wa kuuliza mwisho wa mwezi kama kazi hiyo imefanyika. Tunahesabu meno yaliyong'olewa kwa sababu ndiyo tunayoambiwa tuyahesabu. Na kung'oa hakumalizi mambo: utafiti wa Lars Schropp na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba baada ya jino la nyuma kutolewa, upana wa ukingo wa taya mahali hapo ulipungua kwa nusu ndani ya mwaka mmoja, na sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Anayekuja baadaye kutaka meno ya bandia anakuta taya limesawazika, la chini hasa, na meno ya bandia hayana pa kushika. Kwa hiyo kila jino tunalolihesabu kwa fahari limeacha mfupa unaozidi kwenda.

Kuna watu wawili tunawataja kwa jina la hali zao, maana kwao hatari ni kubwa zaidi. Wa kwanza ni mwenye kisukari. Sukari isiyodhibitiwa huongeza hatari ya ugonjwa mkali wa fizi karibu mara tatu, na uvimbe wa fizi nao huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Kutibu fizi kumeonekana kuishusha kwa kiasi. Kliniki ya kisukari inayoangalia macho na miguu ikaacha kinywa inaacha kazi katikati. Wa pili ni mvuta sigara. Tumbaku huufanya mfupa uondoke upesi, halafu huifanya fizi itoke damu kidogo kuliko inavyopaswa, kwa hiyo ile dalili moja ambayo ingemwamsha haonyeshwi.

Sasa tuseme waziwazi. Wakubwa wa Wizara ya Afya, msituletee mwakani hesabu ileile. Tuleteeni idadi ya fizi zilizopimwa na vinywa vilivyosafishwa, mkoa kwa mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita hapa Tanzania mwaka 2023. Basi kusafisha ukoga na kupima fizi kutajwe waziwazi kwenye kitita cha huduma za bima hiyo, na kusiwe huduma ya mwenye uwezo wa kwenda kliniki ya kulipia mjini. Waganga wafawidhi, ulizeni leo kama kituo chenu kina kijiti cha kupimia fizi na vyuma vya kukwangulia, na kama viko, vinatumika au vimekaa kabatini. Wenye kliniki za kisukari na za wajawazito, ongezeni swali moja kwenye kadi: fizi zako zinatoka damu?

Na ninyi wasikilizaji. Mkiona damu kwenye mswaki msiache kupiga mswaki, kama wengi wanavyofanya kwa hofu. Pigeni taratibu, pale pale jino linapokutana na fizi, mara mbili kwa siku, na mswaki wa mti ukitumika vizuri nao unafaa. Damu ikiendelea zaidi ya wiki mbili, nendeni hospitali, na mkifika msikubali kuambiwa mrudi jino likiuma. Ombeni kupimwa fizi. Ombeni kusafishwa. Ulizeni mfupa wenu umefika wapi. Msiondoke kabla ya kujibiwa.