Tabasamu zuri: jicho la mtaalamu na jicho la jamii
Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1999, ukiongozwa na Vincent Kokich, ulibaini kuwa bingwa wa kupanga meno huona kasoro pale mstari wa katikati wa meno ya juu unapohama milimita 4, ilhali mtu wa kawaida haigundui hata hapo.

Huko Karatu na Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania, hata hivyo, suala kubwa ni rangi ya meno, kwa sababu miamba ya volkano hutia katika maji ya baadhi ya visima na chemchemi madini ya floraidi, ambayo mtoto akiyanywa kwa wingi wakati enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ingali inajijenga, meno yake ya kudumu huota yakiwa na mabaka meupe au ya kahawia, na yakiathirika sana humeguka. Magadi yanayotiwa kwenye sufuria ya maharage ili yaive upesi nayo yaweza kuongeza madini hayo. Daktari huiita hali hiyo fluorosisi na kuipanga kwa viwango. Mwenyeji ambaye majirani zake wana meno kama yake huenda asiione kuwa kasoro, mpaka kijana wake aende kusoma mbali na kuanza kuziba mdomo kwa kiganja anapocheka. Kuyasugua meno hayo kwa nguvu ni kazi bure, kwa kuwa mabaka yamo ndani ya enameli yenyewe.

Mwanya nao, ambao mtaalamu aweza kuuandikia matibabu, Waswahili wengi huusifu kuwa urembo, na Wamaasai kwa desturi waling'oa meno mawili ya mbele ya chini, pengo ambalo wazee wengi hawajawahi kutaka lizibwe.