Andika Jina Nyuma ya Picha

(Hotuba ya mwinjilisti kwenye kongamano la maadhimisho)



Pale mlangoni kamati imebandika picha za zamani za ushirika wetu. Nimewaona mkizisogelea. Mmoja anacheka, "Tazama suruali ya mzee!" Mwingine anauliza, "Huyu mama mwenye ngoma ni nani?" Kimya. Wapendwa, nataka tuzungumze habari za kimya hicho.

Fungueni Nehemia sura ya 3. Wahubiri wengi tunairuka kwa sababu ni majina matupu. Hebu isome polepole, utaona mji mzima. Makuhani wamo, wafua dhahabu wamo, wafanyabiashara wamo. Shalumu yuko na binti zake, nao wanajenga ukuta. Hata wakubwa wa Tekoa waliokataa kazi wameandikwa! Nehemia hakusema tu kwamba watu walijenga. Aliandika mtu, baba yake, na kipande chake cha ukuta.

Sasa nendeni sura ya 7. Familia fulani za makuhani zilitafuta majina yao katika orodha ya vizazi, hazikuyapata, zikazuiwa kwenye ukuhani. Watu walikuwepo, karatasi haikuwepo. Jamani, daftari si mchezo.

Na sisi je? Katika miji yetu midogo ya mpakani, nani ataandika habari za mama aliyeuza maandazi mpaka kanisa likapata bati? Mpiga picha wa studio alikuja, akapiga, akalipwa, akaenda zake. Picha imebaki ukutani na mchwa. Wazee wanaondoka mmoja mmoja. Siku tutakapomzika wa mwisho anayewajua waliomo, tutabaki na sura zisizo na majina.

Ndugu zetu wa Goma wanaelewa. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikaingia mjini, watu wakakimbilia Gisenyi na walichoweza kubeba. Mei 2021 mlima ukalipuka tena. Nyumba hujengwa upya. Picha iliyokuwa moja tu ikiungua, imekwisha.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

Kwanza, kila tawi liketi na wazee Jumapili moja baada ya ibada. Andikeni nyuma ya picha kwa penseli laini: nani, wapi, mwaka gani. Kalamu ya wino huacha alama hadi upande wa mbele. Mwaka usipojulikana, andikeni "kabla ya kanisa la bati". Itasaidia.

Pili, wekeni picha ndani ya bahasha za karatasi, kwenye sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na jua na unyevu.

Tatu, zipigeni nakala kwa simu, kivulini, bila flashi. Daftari la ubatizo nalo, ukurasa kwa ukurasa. Kisha nakala moja ivuke mpaka: wa upande huu awatunzie wa upande ule. Moto, maji au vita visikute kila kitu mahali pamoja.

Majina yetu katika kitabu cha uzima yako salama, kule hakuna mchwa. Lakini watoto wetu hawajakiona kitabu kile. Wanachokisoma ni hiki chetu. Mkifika nyumbani, anzeni na picha moja.

Mungu awabariki. Amina.