Soya Mbichi, Lakini Usiile Mbichi

(Maongezi na vijana wa Nyantakara, Biharamulo)

Leo sisemi habari za sindano wala vidonge. Nasema habari za kibustani cha nyuma ya nyumba.

Maharage mabichi mnayajua. Mama akiyachuma na kuyapika na ndizi, nani anachelewa kurudi nyumbani? Na soya je? Hapo mnanyamaza! Soya tunaiacha ikauke, inakwenda mashineni, basi. Kumbe Wajapani huichuma ingali ya kijani, huichemsha na maganda yake kwenye maji ya chumvi, kisha hubinya punje moja kwa moja mdomoni. Wanaiita edamame. Mmea ni uleule wa soya ambao Wajerumani waliujaribu kule Amani, Tanga, mwaka 1907.

Anza na matuta mawili tu. Kwanza jaribu mbegu, maana soya ya mwaka juzi mara nyingi imeshakufa. Funga punje 10 kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku 5 hadi 7. Zikiota chini ya 7, tafuta mbegu nyingine. Panda mvua ikishakolea: mstari hadi mstari sentimita 50, shimo hadi shimo 10, kina 3 hadi 5. Urea ya nini? Ikianza maua, ng'oa mche mmoja, pasua vile vinundu vya mizizini. Ndani vikiwa vyekundu, mmea unajitengenezea mbolea kutoka hewani. Usipoona vinundu, msimu ujao tia samadi iliyooza.

Maganda yakijaa na bado ni ya kijani, chuma upesi. Ukingoja majani yawe ya njano umechelewa, hizo sasa ni za kukausha.

Sasa sikiliza vizuri, maana neno "mbichi" linatuponza. Soya changa, sawa. Soya ambayo haijaiva motoni, hapana! Ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Moto ndio unaokiharibu. Kwa hiyo chemsha hizo za kijani mpaka punje ilainike.

Na ule unga wa uji wa mdogo wako? Kuna nyumba soya kavu inasagwa hivihivi, uji unachemka dakika tano, mtoto anapewa. Tumbo linajaa gesi, anaharisha, na mama anadhani amempa lishe. Wewe unayetumwa mashineni ndiye wa kulizuia hilo. Tia soya kwenye maji yanayochemka tayari, ichemke nusu saa, toa maganda, anika ikauke kabisa, ndipo usage na mahindi: kikombe 1 cha soya kwa 3 vya mahindi.

Nanyi akina dada, hiyo ya kijani ina foleti nyingi, na madini ya chuma yanayopungua mnapokuwa katika siku zenu. Kula na papai au kamulia limau, chuma kiingie mwilini. Chai isubiri kidogo.

Mtoto chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Aliyeanza kula, mpondee. Punje nzima itamkaba.

Haya, nani ana swali?