Kuhamisha Kumbukumbu za Bei za Mboga kutoka Klasta ya Utafutaji kwenda Kanzidata ya Wingu: Mada kwa Watunza Takwimu za Soko, Lukozi



Bei ya karoti zilizouzwa Lukozi Jumanne iliyopita haiwezi kupimwa tena leo. Gunia linaweza kurudishwa kwenye mizani, shamba linaweza kupimwa upya kwa kamba, lakini bei ya soko ikishapita inabaki kwa yule aliyeiandika. Mkulima wa Shume anayetaka kujua kama kabichi hushuka bei kila mwaka ifikapo msimu fulani, au kikundi kinachoomba mkopo na kutakiwa kuonyesha mwenendo wa mauzo, wote wanategemea mistari michache iliyoandikwa siku ile ile. Hoja yangu ni moja. Kumbukumbu za namna hii zisiachwe ndani ya klasta ya utafutaji peke yake, hata kama klasta hiyo inafanya kazi vizuri leo. Zihamishiwe kwenye kanzidata yenye masharti, inayoendeshwa na mtoa huduma wa wingu, na injini ya utafutaji, ikihitajika, ibaki chombo cha pembeni kinachoweza kufutwa na kujengwa upya bila hasara.

Kwa nini watu huanzia kwenye injini ya utafutaji? Kwa sababu haina masharti mengi. Elasticsearch, iliyotolewa na Shay Banon mwaka 2010 juu ya maktaba ya Lucene ya Doug Cutting, hupokea karibu rekodi yoyote unayoipa, na baada ya sekunde moja hivi rekodi hiyo inatafutika. Grafu za kuwaonyesha wafadhili zinapatikana jioni ile ile. Lakini chombo hiki kiliundwa kwa kazi ya kutafuta, na kutunza ni kazi nyingine. Mwaka 2014 Kyle Kingsbury alikijaribu kwa kukata mawasiliano kati ya mashine za klasta, akaonyesha kwamba rekodi ambazo mfumo ulikwisha kukiri kuzipokea zilipotea. Waundaji wamefanya kazi kubwa tangu hapo, na toleo la 7 la mwaka 2019 lilileta utaratibu mpya wa mashine kuchaguana kiongozi. Haki yao wapewe. Hata hivyo, Julai 2020 mashambulizi yaliyoitwa Meow yalifuta maelfu ya kanzidata zilizoachwa wazi mtandaoni, nyingi zikiwa za Elasticsearch na MongoDB, na washambuliaji hawakudai hata shilingi. Hadi toleo la 8 la mwaka 2022, ulinzi wa nywila katika Elasticsearch ulikuwa haujawashwa tangu mwanzo; msimamizi alipaswa kuuwasha mwenyewe. Anayeendesha mashine moja tu, kwa mipangilio ya kawaida, huona rangi ya njano kila siku kwenye ripoti ya hali ya klasta, maana yake nakala ya pili ya data haina pa kukaa. Macho huizoea njano hiyo, na mazoea hayo yananitia hofu kuliko wadukuzi.

Milima yetu ya Usambara ina ushahidi wa zamani kuhusu kutofautisha kumbukumbu na orodha ya kuitafutia. Taasisi ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 upande wa Usambara Mashariki, ilikusanya mimea iliyokaushwa, kila kielelezo kikiwa na karatasi yake ya maelezo. Mwaka 1950 mkusanyo huo ulihamishiwa Nairobi, nao ndio chimbuko la herbaria kuu ya Afrika Mashariki iliyoko Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kilichopaswa kufika salama ni vielelezo na karatasi zake, kwa sababu orodha ya kutafutia huandikwa upya kila elimu inapobadilika. Ua maarufu la Usambara lilipewa jina la kisayansi Saintpaulia mwaka 1893; tangu mwaka 2015 wataalamu wameliingiza katika jenasi ya Streptocarpus. Orodha zikabadilika, kielelezo kikabaki kilivyo. Sekta ya afya nchini hufuata kanuni hiyo hiyo. Mfumo wa DHIS2, unaopokea takwimu kutoka vituo vya afya, huziweka kwenye kanzidata ya PostgreSQL, kisha hutengeneza humo majedwali ya uchambuzi. Majedwali hayo hufutwa na kutengenezwa upya mara kwa mara, na hakuna anayeyahesabu kuwa ndiyo kumbukumbu.

Sasa tuiangalie rekodi moja kwa karibu: zao, nyanya, kipimo, tenga, bei, 30000. Usipoipa maelekezo, Elasticsearch hukisia aina ya kila sehemu kutokana na rekodi ya kwanza inayoingia. Ikiona 30000 inaamua kwamba bei ni namba. Kesho mwandishi mwingine akiandika "30,000/=", rekodi nzima inakataliwa, na mara nyingi programu inayotuma data haimwambii mtu yeyote. Mambo yakianza kinyume, "30,000/=" ikitangulia, bei inakuwa maandishi, na wastani wa mwezi hauhesabiki. Kubadilisha aina ya sehemu iliyokwisha kuwekwa haiwezekani; lazima uunde faharasa mpya na kumimina kila kitu upya. Kwenye kipimo hali ni mbaya zaidi. Utakuta "tenga", "Tenga", "tenga kubwa", "ndoo", "debe", "gunia", na pengine "lumbesa". Lumbesa imekatazwa, kwa hiyo anayeandika anaweza kuandika "gunia" tu ili asijitafutie matatizo. Bei ya gunia isiyo na kilo ni namba isiyolinganishwa na kitu chochote, na miaka mitatu baadaye hakuna atakayekumbuka gunia lile lilishonwa likiwa na kichwa kirefu kiasi gani. Kanzidata yenye masharti inakataa mapema: bei iwe namba kamili kubwa kuliko sifuri, kipimo kitoke kwenye orodha iliyokubaliwa, kilo zijazwe. Wapo watakaosema masharti yatamchelewesha mwandishi aliyesimama sokoni huku fuso linapakiwa. Yatamchelewesha sekunde chache. Sekunde hizo zinalipwa na mtu aliye mbele ya mzigo, anayeweza kuuliza na kujibiwa papo hapo.

Kazi ya kuhamisha yenyewe ina mitego ambayo haionekani kwa macho. Wa kwanza ni idadi. Kuanzia toleo la 7, ukitafuta kwa njia ya kawaida, jumla unayoonyeshwa huishia 10,000, na kurasa za matokeo nazo haziendi zaidi ya hapo. Namba hiyo ni kikomo, si hesabu. Mtu anayetoa data ukurasa kwa ukurasa, akafika 10,000, akaona jumla inasema 10,000, anaweza kufunga kazi kwa amani huku rekodi nyingi zimebaki nyuma. Idadi ya kweli iulizwe kwa amri ya kuhesabu, na utoaji ufanywe kwa njia iliyokusudiwa kwa data nyingi. Mtego wa pili ni saa. Elasticsearch hutunza tarehe kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mzigo uliouzwa saa 8 usiku wa kuamkia Jumatatu utahesabiwa kuwa wa Jumapili, na usipolitazama hilo, wastani wa kila siku ya soko utachanganyika na wa jirani yake bila kosa lolote kutangazwa. Kwa hiyo naomba utaratibu uwe huu: kwanza toa nakala ghafi ya kila rekodi ilivyo, makosa yakiwemo, na uihifadhi bila kuigusa; ndipo usafishe na kumimina; kisha linganisha idadi na jumla ya bei, zao kwa zao na mwezi kwa mwezi, kati ya mfumo wa zamani na mpya. Tofauti zikionekana, daftari la karatasi ndilo liamue. Daftari hilo lisichomwe.

Pingamizi la kwanza ni kwamba tutapoteza utafutaji wenye akili. Kwa Kiingereza pingamizi hilo lina uzito. Elasticsearch inakuja na vichambuzi vya lugha zaidi ya 30, Kibengali na Kiindonesia zikiwemo, lakini Kiswahili hakimo. Vingi vya vichambuzi hivyo hufanya kazi ya kukata mwisho wa neno, ilhali wingi wa majina yetu hujitokeza mwanzoni: kiazi na viazi, tenga na matenga. PostgreSQL nayo haina kichambuzi cha Kiswahili, ila ina nyongeza inayolinganisha maneno kwa vipande vya herufi tatu tatu, na hiyo inatosha kukutanisha maandishi yaliyokosewa kidogo. Kwa orodha ya mazao machache, orodha yenyewe ndiyo dawa.

La pili ni gharama, na hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu bili ya wingu mara nyingi hukokotolewa kwa dola. Lakini tupige hesabu. Mazao 20, masoko 10, mara mbili kwa siku, ni rekodi 400 kwa siku na 146,000 kwa mwaka. Miaka kumi haifiki rekodi milioni moja na nusu, mzigo ambao kanzidata ndogo kabisa inaubeba bila kuhema. Klasta ya utafutaji inayostahimili kuharibika kwa mashine inashauriwa iwe na mashine tatu, na mtu wa kuzisasisha. Watu hulinganisha bili ya wingu na sifuri, wakisahau saa za fundi asiyelipwa, ambaye siku akipata ajira Dar es Salaam anaondoka na ujuzi wote.

La tatu ni mtandao kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siwezi kusema hilo halitatokea tena. Ninachosema ni kwamba ukusanyaji upangwe kuivumilia siku kama ile: simu itunze rekodi na kuzituma mtandao ukirudi. Seva iliyoko Lukozi isingemsaidia mnunuzi wa Dar es Salaam siku mtandao umekufa, na umeme wake nao una siku zake.

Kuhusu data kukaa nje ya nchi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya mipaka. Bei ya kabichi haina mwenyewe kwa maana hiyo. Jina na namba ya simu ya mkulima vinaye. Vitenganishwe tangu mwanzo, majina yabaki kwenye jedwali lake, na kama hayana kazi kwenye wingu yasipelekwe kabisa. Klasta nyingi za utafutaji hubeba vyote katika rekodi moja, kwa hiyo siku ya kuhama ndiyo nafasi nzuri ya kuvigawa.

Mwisho ni hofu ya kufungwa kwa mtoa huduma mmoja. Hofu hiyo ina msingi hata kwa programu huria: Januari 2021 kampuni ya Elastic ilitangaza kubadilisha leseni, Amazon ikaanzisha tawi lake la OpenSearch, na mwaka 2024 Elastic ikaongeza tena leseni huria. Watumiaji walilazimika kuchagua upande bila kuomba. PostgreSQL, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley mwaka 1986, haimilikiwi na kampuni moja, na huduma inayoiendesha ikiwa ya kawaida, nakala yake inafunguka kwa mtoa huduma mwingine. Jaribu kuirudisha nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuizima klasta ya zamani. Na akaunti ya wingu iandikwe kwa jina la kikundi, kwa barua pepe ya ofisi, huku watu wawili wakiwa na uwezo wa kuifungua na malipo yakipangwa kwenye bajeti ya mwaka. Akaunti inayosimama kwa kadi ya benki ya mtu mmoja itafungwa siku kadi hiyo inapoisha muda, na kumbukumbu zetu zote zitakuwa zimeegemea tarehe iliyochapwa kwenye plastiki ya mtu mwingine.