Kujitayarisha Kuchunguzwa Usonji Ukiwa Mtu Mzima

Chukueni daftari na kalamu, maana leo tutaona faida yake.

Usonji ni hali ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo. Si wazimu, wala si laana. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Marekani, alitangaza habari za watoto 11 wenye hali hiyo, na kwa miaka mingi watu wakadhani kwamba ni jambo la watoto tu. Lakini watoto hukua. Wako watu wazima, wenye kazi na jamaa zao, ambao hawajapata kujua kwa nini maisha huwachosha kuliko wenzao. Mmoja husalimu kwa maneno aliyoyakariri kama wimbo. Mwingine, jirani akimwambia "Karibu tule," hatambui kama ni adabu tu au anaitwa kweli.

Basi, tuseme mtu kama huyo amepewa siku ya kuonana na daktari wa akili. Ajitayarishe vipi? Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha usonji. Daktari hutegemea maneno anayoambiwa na mambo anayoyaona. Anayejibu "Ndiyo, bwana, hapana, bwana," huenda akarudi kama alivyokwenda.

Kwa hiyo andika mapema, kidogo kidogo, wala usingoje usiku wa mwisho. Andika mambo yaliyotokea. Ukiandika "Sipendi watu," daktari hana la kushika. Afadhali uandike: "Katika arusi ya ndugu yangu nilikaa nyuma ya nyumba mpaka ngoma ikaisha, kwa sababu kelele ziliniumiza." Andika pia habari za chakula, nguo na mwanga, kazi ulizoacha na sababu zake, na mambo uyapendayo kupita kiasi.

Daktari atauliza sana habari za utoto, kwa kuwa usonji huanza huko. Ulianza kusema lini? Ulicheza na nani? Mwenyewe huwezi kuyakumbuka yote. Muulize mama, au shangazi, au kaka mkubwa, na ikiwezekana afuatane nawe. Kama wazee wamekwisha fariki, tafuta taarifa zako za shule, huenda mwalimu aliandika, "Mpole, hachezi na wenzake."

Lililo gumu zaidi ni kutojificha. Mtu aliyeficha shida yake miaka 30 atavaa vizuri, atatabasamu, atajibu vizuri, kisha akifika nyumbani atalala mchana kutwa. Daktari haoni kulala huko. Mwambie! Mwambie na desturi za kwenu pia: kwetu kijana kuinamisha macho mbele ya mzee ni adabu, basi jambo hilo peke yake halionyeshi usonji.

Huenda daktari akasema kwamba si usonji, kwani woga mwingi au huzuni ya muda mrefu huweza kufanana nao. Hiyo si kusema kwamba umedanganya. Usitoke kabla ya kuuliza, "Basi, wewe unaona ni nini?" Andika jibu lake.

Sasa zoezi. Kila mmoja aandike sentensi tatu juu ya jambo linalomchosha kuliko linavyowachosha wenzake. Kila sentensi itaje mahali, na itaje lililotokea. Mwalimu asizisome mbele ya darasa, ila mwenye daftari akikubali.