Hati ya Kodi Yenye Kosa, na Askari Aliyeitwa Mlangoni



Dola isiyotoza kodi haidumu. Mshahara wa askari, dizeli ya lori lake na dawa ya zahanati ya kambini, vyote hutoka katika hazina, nayo hazina hujazwa na kodi. Hilo halina ubishi. Linalotazamwa leo ni jambo jingine: kodi inayodaiwa kwa kosa, na mkono wa dola unaotumwa kwenda kuikusanya kabla kosa hilo halijatambuliwa.

Mtaa wa Kamwokya, katika jiji la Kampala, wafaa kuwa mfano. Upo kando ya barabara ya Kira, si mbali na Jumba la Makumbusho la Uganda, na askari wengi wamepata kupita hapo kwa kazi au kwa matembezi. Sehemu za bondeni nyumba zimesongamana, mlango wa huyu ukitazama dirisha la yule. Watu wengi huishi katika vyumba vya kupanga ambavyo wenyeji huviita mizigo; wala jina hilo lisimchanganye msikilizaji aliyezoea Kiswahili cha pwani, maana hapa halihusu chochote cha kubebwa kichwani. Wenye vyumba hivyo mara nyingi hawana hati miliki. Wanakalia kibanja juu ya ardhi ya mwingine, na mpaka baina ya jirani na jirani hujulikana kwa mfereji au kwa mgomba. Mita moja ya umeme yaweza kulisha vyumba vya watu wawili.

Katika hali hiyo Mamlaka ya Mapato ya Uganda, iliyoundwa mwaka 1991, hutakiwa kujua nani ana vyumba vingapi na anapata kodi ya pango kiasi gani. Ni kazi ngumu, na maofisa wake hawapaswi kudharauliwa kwa ugumu wake. Lakini kazi ngumu ndiyo inayozaa makosa.

Chukua mfano wa kufikirika. Mama mjane wa Kamwokya ana vyumba vinne, kila kimoja akikipangisha kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka hupata shilingi 7,200,000. Kwa mujibu wa marekebisho ya sheria ya mwaka 2023, mtu binafsi huondolewa kwanza shilingi 2,820,000 ambazo hazitozwi, kisha hulipa asilimia 12 ya kinachobaki. Mama huyu, basi, anadaiwa kwa haki shilingi 525,600. Sasa karani mmoja anapoingiza hesabu katika kompyuta, kidole kinateleza, na vyumba 4 vinakuwa vyumba 14. Hati inayotoka inadai shilingi 2,685,600, yaani zaidi ya mara tano ya deni la kweli. Hakuna aliyekusudia uovu, wala hakuna aliyekula rushwa. Hata hivyo, tangu siku deni hilo linapopaswa kulipwa, riba ya asilimia 2 kwa mwezi huanza kuhesabiwa juu ya vyumba kumi ambavyo havijapata kujengwa.

Sheria haikumwacha mama huyu bila njia. Katiba ya mwaka 1995 inakataza kodi yoyote isiyoidhinishwa na sheria ya Bunge, na kodi ya vyumba visivyokuwapo haikuidhinishwa na Bunge lolote. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2014 ilimpa siku 45 tangu kupokea hati ili aweke pingamizi, na ikampa Kamishna siku 90 za kulijibu. Siku hizo zikipita kimya, mlipa kodi aliruhusiwa kuandika kwamba analichukulia pingamizi lake kuwa limekubaliwa. Akijibiwa asiporidhika, ana siku 30 za kwenda mbele ya Baraza la Rufaa za Kodi, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1997.

Njia ipo, lakini ina miiba. Kwanza, hati za siku hizi hutumwa kwa kompyuta, na mama aliyefunguliwa akaunti na kijana wa dukani huenda asiione hati yake mpaka siku 45 ziwe zimekwisha. Pili, mzigo wa kuthibitisha ni wake: makadirio ya Mamlaka husimama mpaka mlipa kodi aonyeshe kwamba yamezidi. Itampasa akusanye mikataba ya wapangaji, wakati katika mitaa kama hii mpangaji na mwenye nyumba wengi hawana zaidi ya neno lao la mdomo. Atalazimika kumwendea mwenyekiti wa kijiji amwandikie barua, na kuomba ofisa aje kuhesabu milango kwa macho yake.

Tatu, na huu ndio mwiba mrefu kuliko yote, sheria hiyo ya mwaka 1997 ilimtaka anayepinga makadirio alipe, shauri likingojewa, asilimia 30 ya kodi iliyokadiriwa au sehemu ile asiyoibishia, kutegemea ipi ni kubwa. Asilimia 30 ya shilingi 2,685,600 ni shilingi 805,680. Kwa hiyo ili athibitishe kwamba anadaiwa 525,600 tu, mama huyu hutakiwa kwanza kutoa fedha nyingi kuliko deni lenyewe. Shabaha ya kanuni hiyo inaeleweka, maana bila hiyo kila tajiri mkaidi angefungua shauri ili achelewe kulipa. Lakini kwa mkosewa wa kweli ni adhabu inayotangulia hukumu.

Historia ya Uganda inaonyesha kinachotokea watu wanapokosa mahali pa kulalamikia makadirio. Januari 1960, katika wilaya ya Bukedi, mashariki ya nchi, wananchi walichoka na machifu waliokuwa wakikadiria kodi kwa kukisia na kwa upendeleo. Ghasia zikazuka, nyumba za machifu zikachomwa, polisi wakapelekwa, na watu wakapoteza maisha. Tume ya uchunguzi ikaja baadaye, kama ilivyo desturi ya tume. Kodi hiyo ya kichwa, iliyopangwa kwa ngazi, iliendelea hata baada ya uhuru, na wazee wanakumbuka misako ya alfajiri na wanaume waliolala vichakani kwa kukosa tiketi. Ilisimamishwa mwaka 2005. Katika misako ile askari hakuulizwa kama makadirio ni sahihi. Aliambiwa kamata.

Yafaa askari ajue pia nafasi yake mwenyewe. Sheria ya Kodi ya Mapato imeusamehe kodi mshahara wa mwanajeshi, wa polisi na wa askari magereza. Ni heshima iliyotolewa na taifa, lakini ina hatari yake: mtu asiyepata kukatwa kodi katika mshahara huwa mwepesi wa kudhani kwamba kila raia anayelalamikia hati yake ni mkwepaji. Tena msamaha huo ni wa mshahara tu. Sajenti aliyejenga mizigo yake Kamwokya huhesabiwa milango sawasawa na yule mjane, na kidole cha karani hakichagui cheo.

Deni la kodi lisipolipwa, Kamishna aweza kuiandikia benki itoe fedha katika akaunti ya mdaiwa, au aweza kutoa amri ya kukamata mali. Hapo ndipo polisi wanapoingia, kwa kuwa ofisa anayetekeleza amri hiyo anaruhusiwa kumtaka askari awepo. Tuseme wito unafika katika kituo cha polisi cha Kira Road. Askari anayekwenda hakutumwa kuamua deni ni kiasi gani, wala hana haki ya kuzuia amri halali. Lakini kusimama kwake mlangoni si kwa bure. Amri hutaja nyumba inayoruhusiwa kuingiwa, na katika mtaa ambao milango yake haina nambari ni rahisi lori kupakia vitu vya jirani. Askari na aisome amri kabla kufuli haijavunjwa. Kudaiwa kodi peke yake ni deni, si jinai. Udanganyifu ni shauri jingine, nao una taratibu zake. Mama akitoa nakala ya pingamizi lake, ofisa wa kodi na aonyeshwe papo hapo, na jambo hilo liandikwe katika daftari la matukio la kituo, pamoja na saa na orodha ya kila kitu kilichochukuliwa.

Mali iliyokamatwa huwekwa siku 10 kabla ya kupelekwa mnadani. Katika siku hizo kosa bado laweza kusahihishwa kwa kalamu. Zikipita, cherehani na makochi hupata wenyewe wengine, na hayatarudi hata kama mwezi unaofuata itathibitika kwamba vyumba vilikuwa vinne.